Nilifaulu kozi, lakini miezi 7 baadaye mikono ilisita: je, mafunzo endelevu yananisaidia?

*"Mimi ni daktari wa magonjwa ya jumla na huu ni mwaka wangu wa 11 kazini. Kila mwaka natafuta pointi za mafunzo endelevu ili nihuishe leseni, na nyingi nazipata kwa kozi za mtandaoni ninazozikimbiza wiki za mwisho. Mwaka jana nilihudhuria kozi ya siku 2 ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, nikafaulu vizuri. Miezi 7 baadaye nikiwa zamu alizaliwa mtoto asiyepumua. Nilimwekea barakoa, nikabana mfuko wa kumpulizia hewa, kifua hakikupanda, na kwa sekunde kadhaa sikukumbuka hatua inayofuata mpaka mkunga aliponisogeza na kukiweka sawa kichwa cha mtoto. Mtoto alipona. Mimi bado najiuliza kama tatizo ni mimi au ni kozi. Sasa natakiwa kuchagua kozi za mwaka huu: kuna ya mtandaoni ya gharama ndogo, kuna ya vitendo ambayo ni mbali na ghali, na kuna ya bure, malazi yakiwemo, inayofadhiliwa na kampuni ya dawa. Zote zina pointi. Nichague ipi?"*

Daktari, swali lako la mwisho ni kozi ipi uchague, lakini lililokusukuma kuandika ni lile la kabla yake: kama kusita kwako mbele ya mtoto yule kunamaanisha kwamba hukujifunza, au kwamba hufai. Naanza na hilo, kwa sababu ukiondoka na jibu lisilo sahihi hapo, utachagua kozi vibaya mwaka huu na miaka mingine ijayo.

Kusahau baada ya miezi 7 si ushahidi wa uzembe wala wa kipaji kidogo. Tangu mwaka 1885, Hermann Ebbinghaus alipochapisha vipimo vya kumbukumbu alivyojifanyia mwenyewe nchini Ujerumani, imejulikana kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema sana, na kinachobaki hupungua polepole kadiri muda unavyopita bila kukitumia. Stadi za mikono zinazohitajika kwa nadra na kwa haraka ziko katika hatari kubwa zaidi. Wanaofundisha kumhuisha mtu ambaye moyo wake umesimama wanajua kwamba ubora wa kukandamiza kifua huanza kushuka ndani ya miezi michache baada ya kozi, ingawa cheti huwa bado hai kwa muda mrefu zaidi. Maarifa hudumu kuliko stadi. Ndiyo maana mtu anaweza kujibu mtihani wa maandishi kwa usahihi, kisha mikono yake ikasita chumbani.

Hebu tutazame kwa karibu kilichokutokea. Kifua kisipopanda, hatua hufuatana: kukiweka upya kichwa cha mtoto ili shingo inyooke kidogo bila kupinda sana kwa nyuma, kuhakikisha barakoa imefunika kidevu, mdomo na pua bila kuvuja hewa, kuondoa ute kama upo, kuufungua mdomo kidogo, kisha kubana mfuko kwa nguvu zaidi. Naamini ukiulizwa hatua hizi ukiwa umeketi na karatasi mbele yako, utazitaja zote. Lakini pale chumbani ulitakiwa kuzifanya bila kuzitafuta kichwani, ndani ya ile dakika ya kwanza ambayo wakufunzi huiita dakika ya dhahabu, huku watu wakikutazama. Huo ni uwezo wa aina nyingine, na haupatikani kwa kusoma kwa bidii zaidi.

Mwaka 1990 George Miller alieleza tofauti hii kwa ngazi 4 ambazo bado zinatumika katika elimu ya madaktari: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha kwamba unaweza, na hatimaye kufanya katika kazi halisi. Mtihani wako wa kozi ulikufikisha ngazi ya 3. Mtoto yule alikuwa ngazi ya 4, na hakuna cheti kinachoweza kuahidi kwamba aliyefika ya 3 amefika ya 4.

Ushahidi ulio karibu kabisa na tukio lako ulitoka katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, kwenye mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kozi ya siku moja iliboresha sana utendaji wa watumishi kwenye mdoli wa mazoezi, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikubadilika. Baadaye utaratibu ulibadilishwa: mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale wodini, pamoja na kipindi kirefu kidogo kila mwezi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Huo ulikuwa utafiti wa kulinganisha kabla na baada, kwa hiyo mambo mengine yanaweza kuwa yalichangia. Hata hivyo ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, jibu la swali lako linaonekana: somo lilikuwa lilelile, mahali palepale, na kilichobadilika ni mpangilio wa mazoezi.

Kwa nini mpangilio una nguvu kiasi hicho? Kumbukumbu huimarika kila unapolazimika kuitoa kichwani, na huimarika kidogo sana unapoitazama tu tena. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006 kwa wanafunzi waliosoma matini fupi. Waliorudia kusoma mara kwa mara walikumbuka takriban asilimia 40 baada ya wiki moja, na waliosoma mara moja kisha wakajipima mara 3 walikumbuka takriban asilimia 61. Jambo la kuzingatia ni kwamba dakika 5 baada ya somo hali ilikuwa kinyume: waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Kwa hiyo hisia uliyo nayo mwisho wa kozi, kwamba mambo yamekaa sawa, inapima dakika zile 5, haipimi wiki wala miezi inayofuata. Hapo ndipo pia fomu za kuwauliza washiriki kama wamefurahia kozi zinapotudanganya, maana furaha ya jioni ya mwisho haina uhusiano wa karibu na kitakachofanyika wodini.

Kuna imani ya pili ambayo hukuisema wazi lakini naisikia kila ninapozungumza na madaktari waliokaa kazini muda mrefu, kwamba uzoefu wenyewe ni shule ya kutosha na kozi ni kwa ajili ya leseni tu. Ningependa iwe hivyo. Mwaka 2005 Niteesh Choudhry na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha miaka ya kazi ya madaktari na ubora wa huduma, na zaidi ya nusu ya tathmini walizozipitia zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka ilivyoongezeka katika vipimo vyote vilivyotumika. Haina maana kwamba daktari mwenye mvi ni hatari kwa wagonjwa. Yapo mengi ayaonayo kwa kutupa jicho tu ambayo kijana huyakosa. Maana yake ni kwamba uzoefu hufundisha pale tu unapopata kujua matokeo ya ulichofanya. Mgonjwa uliyempa dawa akaondoka na hakurudi, hukufundisha nini? Huenda alipona, huenda alikwenda kwingine, huenda alifariki.

Wala macho yetu wenyewe si shahidi wa kuaminika. Katika miaka ya 1980 madaktari wengi waliwapa watu waliopata shambulio la moyo dawa za kutuliza mapigo ya ziada, zikiwemo encainide na flecainide, na kwenye karatasi ya kipimo cha moyo walishuhudia mapigo hayo yakipungua. Utafiti mkubwa uliojulikana kwa kifupi kama CAST ulipowalinganisha wagonjwa hao na waliopewa dawa isiyo na kiambato, ilionekana kwamba waliotumia dawa halisi ndio waliokufa zaidi, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa mwaka 1989. Daktari aliyeamini alichokiona kila siku hangeweza kugundua jambo hilo peke yake, hata angefanya kazi miaka 40. Kwa sababu kama hizi, elimu endelevu ni wajibu wetu kwa wagonjwa hata kama hakuna baraza linalotudai pointi.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu kozi zenyewe, kwa kuwa wanaoziuza huahidi kupita kiasi na wanaozichukia huzikana kupita kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Dave Davis mwaka 1999 yalionyesha kwamba mihadhara ya kuketi na kusikiliza peke yake haikubadilisha utendaji wa madaktari, ilhali vipindi vyenye majadiliano, visa vya wagonjwa na mazoezi vilibadilisha. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2009 kuhusu mikutano na warsha za mafunzo yalikadiria ongezeko la takriban asilimia 6 katika kufuata utaratibu unaotakiwa. Kwa ukaguzi wa utendaji unaofuatwa na mrejesho kwa mhusika, mapitio ya mwaka 2012 yalipata takriban asilimia 4.3, lakini faida ilitofautiana sana: ilikuwa kubwa zaidi pale utendaji wa mwanzo ulipokuwa wa chini, mrejesho ulipotolewa zaidi ya mara moja, kwa mdomo na kwa maandishi, na ulipofuatana na lengo na mpango wa hatua. Namba hizi ni ndogo kuliko matangazo ya kozi, lakini si za kudharau, kwa sababu zinagusa kila mgonjwa atakayepita mikononi mwako. Ushauri wangu wote hapa chini unatokana na kitu kimoja, kwamba miezi inayofuata kozi ina uzito kuliko kozi yenyewe, na pointi hazijui chochote kuhusu miezi hiyo. Kwa sehemu kubwa pointi huhesabu saa.

Kabla ya kutazama orodha ya kozi, tazama kazi yako. Tuna mazoea ya kuchagua kozi za mambo tunayoyapenda, na tunayapenda kwa sababu tunayajua. Aliyebobea katika kisukari huenda kwenye semina ya kisukari, na majalada ya wagonjwa wake wa pumu hakuna anayeyafungua. Kujipima kwa hisia hakutakusaidia: Davis na wenzake waliporudi mwaka 2006 kulinganisha madaktari walivyojitathmini na walivyopimwa na wengine, kati ya ulinganisho 20 walioupata, 13 ulionyesha uhusiano mdogo, au hakuna uhusiano, au uhusiano wa kinyume, na waliokuwa dhaifu zaidi mara nyingi ndio waliojiona wako imara. Kwa hiyo chukua majalada 20 ya hali moja unayokutana nayo sana, mathalani shinikizo la damu, yafuate kwa mpangilio wa tarehe bila kuchagua, na ujiulize mambo machache yanayohesabika: shinikizo lilipimwa mara ngapi, lilipokuwa juu dawa ilibadilishwa au iliandikwa ileile, figo zimechunguzwa lini, mgonjwa aliulizwa kama anameza dawa? Kazi hiyo itakuchukua jioni moja au mbili, na huenda ikakuuma kidogo, lakini utaondoka na orodha ya mahitaji yako halisi ambayo hakuna mtoa kozi angeweza kukuandikia.

Ukishakuwa na orodha hiyo, tofauti kati ya mtandaoni na ana kwa ana inapungua uzito. Mapitio makubwa ya David Cook na wenzake ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba mafunzo ya mtandaoni kwa watumishi wa afya, yakilinganishwa na kutofundishwa kabisa, yana faida kubwa, na yakilinganishwa na njia nyingine za kufundisha yanakaribiana nazo. Kwa mambo ya maarifa na uamuzi, kama mwongozo mpya wa matibabu, kusoma matokeo ya maabara au kuchagua dawa, kozi nzuri ya mtandaoni inatosha kabisa, mradi ikuulize maswali kuhusu visa vya wagonjwa, ikueleze kwa nini jibu lako halikuwa sahihi, na ikurudie baada ya wiki kadhaa. Kozi inayokuwezesha kuruka video hadi mwisho na kubahatisha maswali mpaka upate alama za kutosha inakuuzia cheti. Mfano bora wa kile mtandao unachoweza kufanya ni mpango wa ECHO ulioanzishwa na Sanjeev Arora huko New Mexico, Marekani, mwaka 2003, ambapo watabibu wa vituo vya mbali walijadili wagonjwa wao halisi wa homa ya ini aina ya C na mabingwa kwa video kila wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha asilimia 58.2 ya wagonjwa wa vituo hivyo wakipona, na asilimia 57.5 katika kliniki ya chuo kikuu. Ukipata utaratibu wa namna hiyo, wenye wagonjwa wako mwenyewe ndani yake, usiuache. Stadi za mikono ni jambo jingine. Barakoa inayovuja hewa haihisiwi kwenye skrini, na lazima awepo mtu anayekutazama na kukusahihisha.

Kozi ya bure ya kampuni ya dawa naijua inavyovutia, hasa kwa daktari ambaye mshahara wake una majukumu mengi. Si kila kinachosemwa humo ni uongo, na wanaofundisha mara nyingi ni wenzetu waaminifu. Tatizo liko kwenye kilichochaguliwa kufundishwa na kilichoachwa: somo litahusu ugonjwa ambao kampuni ina dawa yake, na mazoezi, lishe au dawa kongwe ya bei ndogo vitatajwa kwa kupita. Tunapenda kuamini kwamba sisi hatuyumbishwi, lakini utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha madaktari zaidi ya 270,000 wa Marekani ulionyesha kwamba hata waliopokea mlo mmoja tu kutoka kwa kampuni waliandika zaidi dawa yake kuliko wasiopokea. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kwamba mlo ndio chanzo, ila unatosha kutuondolea kiburi. Baraza linaloidhinisha watoa mafunzo nchini Marekani haliidhinishi kampuni zinazotengeneza au kuuza bidhaa za kutibia wagonjwa, na linawataka watoa mafunzo waliobaki waweke wazi uhusiano wa kifedha wa wanaofundisha. Kipimo hichohicho unaweza kukitumia popote ulipo: uliza nani amechagua mada na wakufunzi, na kama jibu ni mfadhili, hayo ni matangazo.

Kwa hiyo nikichukua chaguo zako 3 kama ulivyozieleza, ningeiacha ya kampuni. Ningechukua ya mtandaoni kwa pengo ambalo majalada yako yatalifichua, baada ya kuhakikisha kwa baraza lako kwamba mtoa kozi anatambuliwa, kwa maana wapo wanaouza vyeti visivyokubalika popote. Ile ya vitendo iliyo mbali nisingeikimbilia kwanza. Stadi iliyokusumbua umekwisha kufundishwa. Kilichokosekana ni mazoezi, na siku 2 nyingine za mafunzo bila mpango wa baadaye zitakurudisha palepale baada ya miezi 7. Zungumza na mkunga yule aliyekusaidia. Ombeni mdoli na mfuko vikae wodini mahali panapofikika, na kila wiki, mwanzo wa zamu, dakika 5 zitumike: mmoja anatangaza mtoto hapumui, mwingine anafanya, wa tatu anatazama saa na kifua cha mdoli, kisha mnabadilishana. Fanyeni na kisa cha kifua kisichopanda, si kile cha kila kitu kwenda sawa pekee. Wauguzi na wakunga wawemo kwa haki sawa, kwa sababu usiku ule utakapofika hutakuwa peke yako, na timu inayofanya mazoezi pamoja huambizana ukweli bila aibu. Ikiwa hapo kazini hakuna mdoli wala mtu wa kuwasimamia, hapo ndipo ile kozi ya mbali inapopata maana, na ningeuliza kabla ya kulipa kama wana utaratibu wa kuwafuatilia washiriki baadaye.

Kuhusu kukimbiza pointi wiki za mwisho sina la kukukemea. Ratiba za kazi zetu ndizo zinazotusukuma huko. Gawanya tu saa hizohizo katika mwaka mzima, kipindi kimoja kila baada ya wiki kadhaa, na baada ya kila kipindi andika maswali 3 utakayojiuliza mwezi ujao bila kufungua maelezo. Mabaraza mengi hukubali ukaguzi wa majalada, mijadala ya visa na kufundisha wengine kuwa sehemu ya pointi, kwa hiyo kazi niliyokupendekeza juu huenda ikahesabiwa. Uliza kwanza, na utunze kumbukumbu za maandishi.

Yapo mambo ambayo kozi haiwezi kuyamaliza na yanahitaji uonane na mtu. Ikiwa baada ya wiki kadhaa za mazoezi mikono bado inasita mahali palepale, mwombe daktari bingwa wa watoto au mkufunzi mzoefu asimame kando yako na akutazame ukifanya. Kasoro ya mshiko haionekani kwa anayeshika. Ikiwa kuna mgonjwa aliyedhurika, jambo hilo liende kwa msimamizi wako na kwenye kikao cha kupitia matukio, pamoja na familia kuelezwa ukweli, na lisiishie moyoni mwako. Ikiwa kusahau kumeenea hadi mambo unayoyafanya kila siku, kama dozi za kawaida au majina ya watu wa karibu, muone daktari kama mgonjwa mwingine yeyote, maana ukosefu wa usingizi, sonona na maradhi ya mwili huweza kujitokeza hivyo. Na ikiwa tukio la mtoto yule linakurudia usiku, au umeanza kutafuta njia ya kubadilishana zamu ili usiwe chumba cha kujifungulia, usisubiri kozi yoyote: tafuta mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili wiki hii, na umweleze msimamizi unayemwamini kwamba kwa sasa unahitaji mwenzako mzoefu awe nawe katika zamu hizo.